Picha Aliyoichagua Mzee

Kutoka Songea hadi Mwanza nilitumia siku tatu, kwa sababu basi la kwanza liliharibika kabla ya Makambako. Baada ya hapo ilikuwa Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga, kisha mawe makubwa yakaanza kuonekana na kondakta akasema tumefika. Nilikuwa na mfuko wa zana za kupachika marumaru na begi la mgongoni lenye suruali mbili, mashati matatu na taulo. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka ishirini. Kitu kitakachonizuia kuhama sikinunui.

Nilichokuwa nakirundika ni picha tu. Mimi mahali huwa napakumbuka nikishaondoka, si nikiwa pale, kwa hiyo nilipiga kila chumba nilichopanga, kila mlango, kila mtu aliyenipa chakula. Simu yangu ilikuwa na nafasi ndogo. Kila Jumapili nilihamishia picha kwenye flashi kwa kiwaya kifupi, kisha nikazifuta kwenye simu. Za mtandaoni nilizipoteza zamani, laini yangu ilipofungiwa na neno la siri nikalisahau, na tangu hapo nikaamini kitu ninachoweza kukishika. Kanuni yangu ilikuwa moja: simu na flashi visikae mahali pamoja, ili mwizi akija achukue kimoja. Sikuwahi kujiuliza kanuni hiyo inalinda nini, wakati kila picha ikishahama inabaki upande mmoja tu.

Nilipanga chumba Kiseke, uani kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa amebeba magunia bandarini mpaka mgongo ukakataa. Aliponiuliza kabila langu nikamwambia Mngoni, alifurahi kama amepata kitu kilichopotea, maana yeye Msukuma na sisi ni watani.

"Wazee wako walikuja huku wakikimbia kutoka kwa Wazulu," aliniambia kila asubuhi. "Wewe hujaambiwa vita vimeisha?"

"Nakimbia michembe yenu, mzee, viazi vikavu kila siku."

"Basi kimbia haraka, inaiva."

Kwa kuwa nilikuwa natoka kwa siku nyingi kwenda kazini, flashi nilimpa mama mwenye nyumba anihifadhie. Aliiweka ndani ya kikombe, kabatini. Sikumwambia ina nini, naye hakuuliza.

Mzee hakupenda kupigwa picha. Ukiinua simu, anashusha kofia usoni. Lakini siku moja nilimsindikiza ng'ambo, Kamanga, kumwona dada yake, na ndani ya kivuko jogoo wa mama mmoja akachomoka kapuni, akapanda juu ya boneti ya gari jeusi linalong'aa, akawika. Mwenye gari akawa anamwomba jogoo ashuke, kwa Kiswahili cha heshima kabisa. Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hapo ndipo nilipompiga.

Tuliporudi aliishika simu kwa muda mrefu. Binti yake, ambaye ni mwalimu na huja nyumbani mwisho wa wiki, alikuwa amekaa naye.

"Hii," mzee akasema. "Siku yangu ikifika, mweke hii. Ile ya kitambulisho sitaki. Mle nimekaa kama mtu aliyekamatwa."

"Hebu nyamaza," mkewe akasema. "Nani anakufa hapa?"

"Nitumie hiyo, kaka," binti akaniambia.

"Nikiweka bando, dada."

Sikuweka. Jumapili ikafika, picha ikahamia kwenye flashi pamoja na nyingine, nikazifuta zote kwenye simu, nikairudisha flashi kikombeni.

Miezi michache baadaye nilipata kazi Kisesa, nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinane, nikawa nalala kulekule. Mzee aliugua nikiwa huko. Nilipigiwa simu alfajiri moja kwamba amefariki. Nilifika Kiseke mchana. Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanawake wamekaa mikekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtani wako ametuacha." Alinivuta nikae karibu. "Unisamehe, niliazima ile flashi yako. Alitaka nyimbo za kwaya, na redio ilikuwa inakoroma tu. Nikaipeleka pale kibandani wanapoingiza nyimbo. Yule kaka akasema imejaa, nikamwambia aisafishe. Tukaichomeka kwenye sabufa. Baba yenu amezisikiliza wiki nzima. Zilikuwa zinaimba wakati anakata roho. Alitulia kabisa, fundi. Kama anayesinzia."

Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza tangazo la mkutano wa mtaa. Nikasema, "Hamna shida, mama."

Muda si mrefu binti akaja, macho yamevimba. "Kaka, ile picha. Tunazika kesho, na mtu wa fremu anafunga jioni."

Nilichomoa flashi kwenye sabufa, nikaingia chumbani kwangu, nikaiunganisha na simu. Nyimbo arobaini na kitu. Picha hata moja haikuwamo. Na zangu zote zilikuwa zimekwenda, vyumba vya miaka sita, lakini hizo sikuzifikiria siku ile. Nilikaa kitandani. Ukweli ulikuwa sentensi moja tu, na ningeweza kuisema bila hasira. Ila mama katika wiki ile alikuwa amebaki na jambo moja jema, na jambo lenyewe ndizo nyimbo zile.

Nikatoka, nikairudisha flashi kwenye sabufa. "Sina," nikasema. "Niliifuta."

Dada wa marehemu, yule shangazi wa Kamanga, akapiga makofi. "Mtani huyo! Ameshaanza!"

Mikekani wakacheka. Kwetu na kwao mtani msibani anaruhusiwa kufanya visa: anaweza kulala kaburini, anaweza kukataa maiti asizikwe mpaka apewe chake.

"Mngoni, lete picha," shangazi akasema. "Kichwa cha ng'ombe ni chako."

"Niliifuta, shangazi. Simu ilijaa."

Waliokuwa karibu waliniangalia usoni wakaacha kucheka. Upande wa jikoni, ambako hawakuwa wamesikia vizuri, kicheko kiliendelea kidogo, kisha nako kikaisha.

Binti alininyang'anya simu. Akatafuta mwenyewe. Alikuta sakafu za vyoo vya Kisesa, moja baada ya nyingine, nilizokuwa nimepiga kumwonyesha tajiri kazi.

"Hizi ulizipatia nafasi," akasema.

Walikuza ile ya kitambulisho. Uso ulitoka bapa, wenye rangi ya majivu, na masikio yakawa makubwa. Kesho yake mpwa wa marehemu aliishika mbele ya jeneza, tukavuka nalo kwenda Kamanga, kwao. Watu walikuwa wanaitazama ile picha na kugeuka. Mimi nilishika koleo zamu yangu ilipofika, nikampa aliyefuata.

Hakuna aliyeniambia nihame. Nilibaki mwezi mmoja, nikamalizia kazi ya Kisesa, nikilipa kodi kama kawaida. Binti akija mwisho wa wiki hakuwa anaitikia salamu yangu. Jioni moja mama alinikuta nafua.

"Fundi, ni kweli uliifuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulimsikia alivyosema."

"Nilimsikia."

Alisimama pale mpaka nikamaliza kukamua shati. "Alikuwa anakupenda," akasema, akaingia ndani. Baada ya muda nikasikia kwaya.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumamosi. Mama alitaka kunirudishia flashi, nikamwambia ibaki, nyimbo ni zake. Alinifungia karanga kwenye gazeti. Binti alikuwa anafagia nje ya geti, na nilipopita akaacha kufagia. Alikuwa hajanisemesha tangu siku ya msiba.

"Huko uendako," akasema, "usiwapige watu picha."

"Sawa, dada."

Alirudi kufagia. Nilikwenda stendi ya Nyegezi, nikapata basi la Tabora, siti ya katikati. Nilisinzia kabla hatujafika Misungwi.