Congélateur ya kuazima ilitaka kunitosha inje ya nyumba yangu mupya

Wakuu wa humu, ba papa na ba maman, vijana pamoja na wale wenye magoti inawaamusha mbele ya jogoo kama mimi, jambo yenu wote.

Nawaletea mambo yenye ilinifikia hapa Bukavu. Hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi, ju Maman Nsimire iko anasoma humu, na yeye njo nitamusema sana.

Mimi ni mujane. Muzee wangu Gervais akishakufa, mutoto wangu Deo alinitwala kwake Nyalukemba. Nyumba muzuri, carrelage ya kungaa chini, robinet ya maji ndani.

Lakini ni nyumba ya bibi yake. Espérance, muke wa Deo, ni mutoto wa heshima, sina neno naye. Ila nikishika mwiko tu, anautosha mu mukono yangu polepole: "Maman, pumzika." Asubui pumzika. Mangaribi pumzika. Wakuu, mutu anapumzika vile akiwa bado anatembea?

Nikamwambia Deo anitafutie chumba mbili Kadutu, kule nilimuzalia, kule najua kila mutu na jina ya mama yake, na vijana wananiita Koko, nyanya yao. Akakataa. Nikakataa kula. Akakubali.

Akatia sharti: "Maman, nitalipa loyer ya nyumba na courant ya umeme. Lakini siku itanishinda, utarudi, na hatutabishana."

Nikasema ndiyo. Kumbukeni ile ndiyo yangu.

Kwa wenye hawajui: nyumba yangu haina compteur ya umeme, iko ku forfait, bei ya kukadiria. Agent anakuja, anahesabu ampoule za taa, frigo, réchaud ya kupikia, anaandika. Kisha unalipa kufatana na vile aliona, courant ikuwe, isikuwe. (Mara mingi haikuwe, lakini ile ni uzi ingine.)

Sasa nikataka nyumba ibarikiwe. Padiri akakubali kuja. Nikaalika na Maman Furaha wa Nguba, mama muzazi wa Espérance. Sisi ni bakwe.

Ule maman akiingia kwako, anaangalia plafond kule juu kwanza, kisha rideaux ku madirisha, kisha njo anakusalimia. Nikasema hapana, hatanikuta na ampoule mbili na radio ya mabetri.

Kwetu ukiwa na fête ya wageni unaazima, haiko haya. Maman Nsimire, mwenye anauzishaka jus ya barafu, akanipa congélateur yake ya kugandishia na réchaud mbili. Vijana wane wakaibeba ile congélateur mu vijia vya kilima, wanatukana njia yote, wanaiita jiwe. Papa Bisimwa, coiffeur wetu wa kunyoa, akaleta televizyo na baffles mbili za muziki, kubwa kama makabati.

Na munajua vile inaendaka: mbele ya wageni, kintu ya kuazima haina mwenyewe. Weye unakaa nayo kama yako, na mwenyewe anakaa kando, anakunywa pombe yake ya kasiksi kama hajaionaka hata siku moja. Ni heshima.

Padiri akabariki, akaenda. Tukabaki na sambaza, samaki kidogo za ziwa, majani ya sombe na bugali. Baffles inalia mpaka ukuta unatetemeka.

Njo kijana mumoja akaingia, amevaa chemise nyeupe, karatasi mu mukono. Nikafikiri ni mutu wa parokia. Nikamukalisha karibu na Maman Furaha, nikamujazia sahani.

"Jina yako nani, mutoto?"

"Pascal, Koko."

"Pascal wa nani?"

"Wa Maman Cibalonza, pale juu ya soko."

"Cibalonza mwenye alikuwa anauzisha makala na mutoto ku mugongo? Ule mutoto wa kulia sana?"

"Njo mimi, Koko."

Nikamuongezea sambaza. Namna gani nisiongeze?

Akakula, akapangusa mikono, akasimama, akaanza kuangalia bintu. "Koko, hii yote ni yenu?"

Wakuu, Maman Furaha aliacha kutafuna. Nsimire akaangalia mu glasi yake. Bisimwa akaangalia mulango, kama vile padiri angerudi kumusaidia.

Nikajibu na sauti ya kusoma somo mu misa: "Ndiyo, mutoto wangu. Yote ni yangu. Na chumba ya kulala hujaingia bado."

Akaingia na chumba ya kulala! Akakuta fer à repasser, pasi yangu ya nguo, akaandika. Akaniaga muzuri, akaenda.

Kumbe ni agent wa courant.

Facture ilipofika, Deo aliisoma wima, kisha akaketi juu ya kitanda yangu.

"Maman, ulifungua hoteli?"

Nikamuelezea. Akacheka kidogo, lakini ile kicheko haikufika ku macho. "Hii siiwezi, maman. Kama haitengenezwe, siku ya Mungu, kisha misa, nitakuja na gari nichukue bintu yako. Tulisikilizana."

Mangaribi Espérance akapiga simu: "Maman, chumba yako nimeshaifagia. Utakuja upumzike."

Ile "upumzike" iliniondolea usingizi.

Kesho yake nikaenda kwa Nsimire na kwa Bisimwa. Nikawaambia tufike pamoja ku ofisi ya courant, waseme tu bintu ni yao. Wakakubali mbio mbio. Hawakufikiri mbali, na mimi vilevile.

Ku ofisi kulikuwa chef mumoja mupole, Monsieur Innocent, na Pascal yangu nyuma yake. Chef akasikiliza yote. Kisha akashika bic ya kuandika: "Haina shida, Koko. Mwenye congélateur aseme jina na avenue, tumuhamishie forfait."

Tumuhamishie! Nikaona sura ya Nsimire inageuka.

"Congélateur?" akasema. "Mi nauzishaka jus tu, chef. Naiwekaka inje asubui, baridi inapita ndani."

"Na baffles?"

Bisimwa akakohoa. "Mimi ni coiffeur, chef. Natumikaka na makasi."

"Na makasi iko inaimba?" nikamuuliza.

Akaangalia plafond. Kumbe ile desturi ya kukaa kando na glasi, waliifatisha mpaka ku bureau.

Chef akanigeukia: "Koko, agent alikuuliza, ukajibu ni yako. Na watu walisikia."

"Alikuwa na sambaza yangu mu kinywa!"

"Sambaza hatukuitia ku facture, Koko."

Pascal akaangalia viatu vyake.

Wakuu! Nikaona gari ya Deo, nikaona matelas yangu ya kulalia juu yake, nikaona mwiko unatoka mu mukono yangu. Nikashika ile facture, nikaiangalia. Mimi niliacha masomo troisième primaire, darasa ya tatu, lakini jina yangu naijua, na congélateur ni neno murefu, haijifiche.

"Chef, hapa imeandikwa congélateur ni ya nani?"

"Yako."

"Na baffles?"

"Yako pia."

"Uko sûr?"

"Koko, si unaona kachet yetu, muhuri hii?"

"Basi nakubali. Merci. Lakini umutume Pascal anisindikize, aone kama natumia kweli bintu yenye mulinihesabia."

Nsimire na Bisimwa wakapumua, wakapanda pikipiki, wakakimbia mbele. Mimi nikapita sokoni na Pascal, nikatafuta wale vijana wane wa siku ya fête. Wakaniuliza: "Koko, ile jiwe tena?" Nikasema: "Ile jiwe."

Tukaingia mu parcelle ya nyumba ya Nsimire. Congélateur ilikuwa pale ku kona, inaguna.

"Vijana, ni ile nyeupe. Jus muitoshe ndani, mumuachie mwenyewe. Congélateur ni yangu."

Nsimire akatoka na povu mu mikono. "Koko! Unafanya nini?"

"Natwala kintu yangu. Karatasi hii hapa, na kachet. Si ulimuambia chef hauna congélateur? Sasa hii iko inafanya nini kwako, ilikuja kukusalimia?"

Avenue yote ilikuwa imeshatoka inje. Mama mumoja alitoka na mutoto mwenye sabuni ku kichwa.

Vijana wakainama, wakashika pembe ine, wakainua. Nsimire akaruka, akaikalia! Wakuu, nawaambia alikaa juu yake, miguu inaning'inia.

"Ni yangu! Niliinunua na jasho yangu!"

"Sema na nguvu. Pascal alikuwa mutoto wa kulia sana, masikio yake ilichoka."

"NI YANGU!"

Pascal akaandika.

Tukasema sasa twende kwa Bisimwa. Hatukufika. Tulimukuta mu njia anakimbia, makasi mu mukono, na nyuma yake mutu mumoja amenyolewa upande moja, anamuita. "Pascal, baffles ni yangu! Na televizyo! Koko asiingie kwangu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini ku jiwe.

Lakini niseme na ile yenye haikunichekesha. Mangaribi Nsimire alipita mbele ya mulango yangu bila kunisalimia. Ule mutoto nilimubebaka ku mugongo, mama yake Nabintu akiwa ku shamba. Facture haikuniuma vile.

Nikatwala sahani ya sambaza, nikamufata. Nikamuambia: kuanzia leo samaki yangu italala mu congélateur yako kando ya jus, na forfait tutaibeba sisi wawili, kila mutu na sehemu yake.

Akapokea sahani. Kisha: "Koko, kweli ungeibeba?"

"Mpaka ndani ya kanisa."

Njo akacheka. Kisha akakula sambaza yote, hakuniachia hata kichwa.

Siku ya Mungu Deo akafika na gari. Nikamuwekea facture mupya ku meza: ampoule mbili, fer moja, basi. Akaisoma. Akaisoma tena. Akaangalia matelas, akaangalia gari, akasema: "Maman, uko na bugali?"

Nilishika mwiko mwenyewe. Espérance alikuwa pale, na hakuutosha.

Habari ikateremuka mpaka Nguba, lazima. Maman Furaha akatokea bila kupiga simu. Hakuangalia plafond. Aliangalia ile pahali congélateur ilikuwa siku ya baraka. Nikajitayarisha kuchekwa.

Akakula, akanawa, akanisogelea karibu: "Dada yangu, ule Nsimire wako, anaazimishaka mpaka Nguba? Niko na fête."

Nikamuambia amuulize mwenyewe. Mimi sina congélateur.

Fundisho yenye nilitwala ni hii, wakuu: mutu akiingia ku fête yako na karatasi, umujue mbele ya kumujazia sahani. Na mbele ya kusema "yote ni yangu", uulize kwanza nani atalipa.

Sasa niambieni, kwenu agent anahesabuka namna gani? Na wenye muko na kintu ya jirani mu nyumba saa hii, musione haya, muandike hapa chini ni ya nani.

Nsimire, anza weye. Na usikane.