Jiwe la Mume Wangu Nililipeleka Kanisani, Likaliwa

Wasomaji wenzangu, mwenye kosa ni mimi. Si pastor, si shetani, wala si wale kina mama watatu wajawazito. Ni mimi! Miezi mitatu sasa nimelibeba jambo hili kifuani na hapa mtaani siwezi kulitaja, kwa sababu nikifungua mdomo tu watu wanaanza kucheka. Basi nisikilizeni ninyi msionijua.

Mume wangu, nimwite Baba Neema, ni kibarua kule Olkaria wanakochimba mvuke wa stima. Miaka minne amebeba mabomba, amefyeka nyasi na kuchimba mitaro, na jina lake halijawahi kutoka kwenye orodha ya vibarua. Mimi nafunga waridi katika shamba moja la maua hapa Naivasha. Tunaishi Karagita, chumba kimoja, mtoto mmoja, pazia katikati.

Baba Neema alikuwa na tabia moja. Akirudi jioni, kabla hajavua viatu, lazima anielezee kitu. Leo kisima kimepiga kelele mpaka nyani wamekimbia. Leo mainjinia wamesema huko chini maji yamechemka na hayana pa kutokea. Mimi namenya viazi, yeye anaongea. Nilidhani ni kelele tu za mwanamume aliyechoka.

Mwaka huu wa 2007, mwezi wa saba, Mungu akatukumbuka. Mkubwa wa maabara ya mawe alihitaji msaidizi, kazi ya kudumu. Akamwita Baba Neema, akampa kipande cha jiwe kilichotolewa kisimani, akamwambia akae nacho wiki mbili, ajifunze kukieleza kwa maandishi, kisha akirudishe na kuulizwa maswali. Baba Neema akatia sahihi kitabuni. Kazi ya kudumu, jamani! Na kadi ya hospitali! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Jiwe lenyewe lilikuwa la mviringo, refu kama mkate, na laini hivi kwamba ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Harufu yake ilikuwa ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza. Alilifunga kwa gazeti akaliweka juu ya kabati.

Jioni ile ile akaanza.

"Mama Neema, unajua hii jiwe iko na miaka ngapi? Zaidi ya laki tano! Na hiyo bado ni mtoto. Dunia yenyewe ni bilioni nne na nusu. Ukienda mpaka mwanzo wa kila kitu, hizo nyota zote, ni kama bilioni kumi na tatu."

Kisu kilinisimama mkononi. Mimi ni mwalimu wa Sunday school! Watoto wa watu nimewafundisha kwa mdomo huu kwamba kutoka Adamu mpaka leo ni miaka elfu sita. Tulihesabu na pastor, baba kwa mwana, mpaka tukamaliza chaki.

"Bilioni nani?" nikamuuliza. "Na Adamu alikuwa wapi hiyo miaka yote? Alikuwa kwa laini anangoja?"

"Adamu hakuwa amefika."

"Na Mungu alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaumba. Kwani nimesema hakuumba? Nasema tu hakuwa na haraka."

Mama yake, ambaye sote tunamwita Shosho, alikuwa ametutembelea kutoka Molo na gunia la viazi. Alikuwa amekaa kitandani akisokota nyuzi za kikapu. Akatutazama kama watu wanaogombania kuku asiye wao.

"Nyinyi watu wa kusoma," akasema. "Si kwa Mwanzo imeandikwa siku moja? Hata hadithi ya sungura na fisi huanza siku moja. Nani ashawahi uliza kama hiyo siku ilikuwa Tuesday?"

"Shosho, kwa heshima, haya si mambo ya sungura," nikamwambia.

"Sawa. Lakini viazi zinaungua."

Ningemsikiliza mama huyo leo nisingekuwa ninaandika barua hii. Lakini mimi nikishikwa na hasira ya dini huwa sisikii. Nilijiona Eliya. Nikajiambia mume wangu anapotea, tena anapotea ndani ya chumba ninacholipia nusu ya kodi.

Jumapili asubuhi yeye akaenda zamu. Nikapanda kiti nikalishusha lile jiwe, niliangalie vizuri adui yangu. Nikaligeuza. Chini yake, kwa wino mweusi usiofutika, mtu wa ofisi alikuwa ameandika: 1843 m.

Ee Bwana! M! Miaka! Miaka elfu moja mia nane arobaini na tatu! Ofisi yenyewe imeandika kwa mkono wake, halafu huyu mwanamume ananiambia laki tano?

Najua mnachotaka kusema. Mita nilifundishwa shuleni kama kila mtu. Lakini kazini kwetu maua tunayapima kwa sentimita, na hiyo m ya peke yake nilikuwa sijaonana nayo muda mrefu. Tena mtu akitaka kushinda, macho humsomea anachotaka.

Nikalifunga jiwe kwa leso, mbio kanisani.

Wakati wa ushuhuda ulipofika nilikuwa wa kwanza kusimama. "Bwana asifiwe!" Amina! "Watu wa sayansi wanasema mawe yana mamilioni ya miaka!" Wakaguna. "Leo nimewaletea jiwe lenyewe liseme!" Nikalifunua. Nikasoma maandishi kwa sauti, moja, nane, nne, tatu, na nikawaambia m ni nini. Kanisa la mabati lilitetemeka kwa makofi.

Pastor wetu akalipokea kwa mikono miwili. Akatoa kalamu, akafanya hesabu kwenye kiganja chake, akaruka.

"Kanisa! Hili jiwe limezaliwa mwaka wa mia moja sitini na nne! Baada ya Kristo! Yesu alikuwa amepaa kitambo!"

Wamama wakalia. Kwaya ikaanzisha pambio bila kuambiwa. Mzee mmoja wa nyuma akainua mkono, mzee mpole sana, akauliza, "Pastor, sasa kabla ya hiyo mwaka, hiyo mlima ya Olkaria ilikuwa imesimama juu ya nini?"

"Mzee wangu, huu ni wakati wa ushuhuda," pastor akamjibu. "Maswali ni Wednesday."

Makofi yalikuwa mengi hata kijana mmoja aliyevaa kofia ya chama, wale wa kampeni, akaingiza kichwa mlangoni: "Boss, hapa wanapeana nini?"

Kisha pastor akatangaza kwamba jiwe litabaki madhabahuni wiki nzima, liwe shahidi, na makanisa jirani yaalikwe kuliona. Hapo ndipo ningepaswa kusema hapana. Jiwe la ofisi, lenye sahihi ya mume wangu! Nikasema amina.

Jioni Baba Neema akauliza jiwe liko wapi. "Nimeificha, Neema asiiharibu," nikajibu. Akanishukuru! Alinishukuru, jamani, akachukua daftari akaendelea kuandika yale aliyokuwa ameyakariri. Nikakoroga uji bila kumtazama.

Jumatano nikatoka kazini mapema nikalichukue kabla hajashtuka. Nikafika madhabahuni, nikafunua kitambaa. Palikuwa na kitu cha ukubwa wa yai, na unga mwingi. Ile 1843 haikuwepo, wala m yake.

Sasa ninyi mnajua mama mjamzito na mawe. Sokoni yanauzwa kwa kikombe, yale meupe laini ya kutafunwa, na mwenye mimba akishikwa na hamu hasikii la mtu. Kanisani kwetu wasafishaji wa wiki ile walikuwa waimbaji watatu wa kwaya, na wote watatu, kwa mapenzi ya Mungu, walikuwa na mimba.

Niliwakuta nje wakikausha matambara.

"Nani amekula jiwe?"

Wakatazamana. Yule mkubwa wao akajifuta mdomo. "Haki dada, mimi nilionja tu. Ilikuwa inanukia vizuri ajabu. Nikaonjesha huyu."

"Na mimi nikaonjesha huyu mwingine," wa pili akasema.

Wa tatu hakuwa na aibu hata kidogo. "Mama Neema, ukweli isemwe. Hiyo ya soko haifikii hii. Mumeo anaweza tuletea ingine?"

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Laki tano za miaka, zimeisha kati ya Jumatatu na Jumatano!

Nikamwambia Baba Neema kila kitu. Niliona uso wake ukibadilika, lakini hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliuliza swali moja tu.

"Nani alikuambia m ni miaka?"

"Ni nini basi?"

"Ni mita, Mama Neema. Ni vile walienda chini kuitoa."

Siku ya maswali kule maabara akaenda na kile kipande kilichobaki ndani ya kitambaa cha mkono. Aliyonisimulia ni haya, na ndiyo ya mwisho aliyonisimulia. Mkubwa akamuuliza, "Sampuli iko wapi?" Akajibu, "Imeliwa." "Imeliwa na nini?" Mume wangu hajui kudanganya. Akasema, "Na kwaya."

Walidhani anawadharau. Kazi ikapewa mwingine.

Pastor aliumia, sitamsingizia. Akaiandikia ofisi barua yenye muhuri wa kanisa, kuthibitisha kwamba jiwe lililiwa kwa nia njema, tena na wakristo waliookoka. Barua hiyo ilibandikwa ubaoni Olkaria, watu wakaisoma wakishika mbavu, na tangu hapo mume wangu kazini haitwi jina lake. Anaitwa Kwaya. Amerudi kufyeka nyasi.

Nilisimama tena kanisani nikaungama kwamba ni mita. Watu waliinamisha vichwa, wengine wakikohoa ili wasicheke. Yule mzee mpole akaja baadaye akanishika mkono. Kazi imekwenda, hata hilo ningelizoea, maana umaskini tunajuana nao. Nisilolizoea ni jioni.

Siku hizi Baba Neema akirudi anavua viatu, anaosha miguu, anakula, anasema asante. Hanielezi kitu! Wiki iliyopita ardhi ilitetemeka kidogo, mtikisiko mmoja tu, vikombe vikagongana. Moyo ukaniruka kwa furaha, mnisamehe, nikajua leo lazima ataongea. Nikaacha sufuria nikamgeukia.

"Baba Neema, huko chini kunafanyika nini?"

Hakuwa hata na hasira.

"Uliza pastor," akasema, akaendelea kula.

Dada zangu, na nyinyi kaka pia, tahadharini! Mimi kwa Mungu sijatoka na sitoki. Dunia ina miaka mingapi sijui, na kutojua hakujanipunguzia sala hata moja. Lakini mtu wako akikuletea nyumbani neno usilolielewa, muulize tena, na tena, mpaka mchoke pamoja. Usikimbie nalo mbele za watu ili umshinde. Mimi nilimshinda mchana kweupe na nikapigiwa makofi. Sasa tuko wawili ndani ya chumba kimoja, na ninaandikia gazeti kwa sababu sina wa kuongea naye.