Njahi ya Shamba la Waringa

"Shosho, mbona unapanda chakula halafu unakizika?"

Nasima wa nyumba ya pili aliuliza hivyo akiwa gredi ya nne, amening'inia kwenye ua wa seng'enge. Waringa, nyanya wa watoto wote wa jirani, alimjibu, "Toa kichwa hapo, trekta inapita!" Na kweli ikapita, ikiigeuza njahi iliyojaa maua ya zambarau, majani chini, mizizi juu.

Mtaa wote wa Njiru ulidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shamba la shemeji yake Maina, lililokuwa msitu wa mikaratusi hadi miti yote ilipokatwa ikauzwa nguzo. Visiki vikang'olewa, ardhi ikabaki ngumu kama sakafu. Maina alisema wazi: "Shemeji, masika ikipita na sioni nyasi hapa, nampa mwenye kokoto aweke yadi yake." Bila nyasi, Waringa angemuuza Madam, ng'ombe wake wa pekee, ambaye majirani wote walitia maziwa yake kwenye chai.

Mara ya kwanza alikuwa amemwaga mbegu za nyasi vivi hivi penye mashimo ya visiki. Zikaota nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zikageuka manjano, zikafa. Ndipo mvua ya Oktoba ilipoanza akapanda njahi kila mahali, yale maharagwe meusi ambayo Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua. Njahi ikatambaa, ikafunika ardhi yote, magugu yakakosa jua. Waringa akichokoa kwa kidole, anakuta udongo umelainika na nyungunyungu wamerudi.

Shida ilikuja na maua. Mama Mugo wa kanisani alifika na wenzake, gunia begani.

"Waringa, bibi ya Bedan amejifungua jana. Hii ikikomaa utujazie gunia. Mzazi bila njahi atatoa wapi maziwa?"

"Haitakomaa. Kesho nailima chini."

"Unalima njahi chini?" Mama Mugo akawageukia wenzake. "Haki huyu aombewe. Tena leo!"

"Mkiwa huko huko niombeeni na mvua. Njahi ya bibi ya Bedan nishanunua sokoni, iko jikoni imeiva. Gunia rudisha, mama, beba sufuria."

Wakabeba, wamenuna, huku wanaonja.

Maneno yao hayakumsumbua. Alijua akiiacha ikomae, nguvu yote itaishia kwenye mbegu, na udongo utaachiwa mabua makavu. Akiilima na nyasi zikikataa, basi hana njahi, hana shamba, hana Madam. Kesho yake akampungia dereva wa trekta aanze.

Majani yakaozea ndani ya udongo. Mwezi wa Machi trekta ikarudi kuvunja mabonge, Waringa akatupa mbegu za nyasi, akaburuta tawi juu yake ili zifunikwe kidogo tu. Mvua ikamwagika.

Maina alikuja Juni, asubuhi, na mwenye kokoto, lori linanguruma nje. Alipoingia na viatu vyake vya ngozi, nyasi zikamfika magotini, zikamlowesha suruali. Madam alikuwa katikati anatafuna, hata hakuinua kichwa.

"Shemeji, hizi ndizo zile zilizokufa?"

"Dada zao."

Maina akacheka mpaka akashika kiuno. "Ndugu yangu," akamwambia mwenye kokoto, "geuza lori. Hapa pana ng'ombe." Siku hiyo Waringa alipika chai ya maziwa matupu, na Mama Mugo akaja na kikombe chake mwenyewe, kile kikubwa.

Sasa Nasima yuko sekondari. Juzi alikuwa ameketi na Waringa kwenye nyasi, wakimtazama ndama wa Madam akirukaruka kama amelewa, shosho akaanza tu kusema, bila kuulizwa.

"Ile njahi sikuizika, mjukuu wangu. Siku ile sikukujibu kwa sababu nilikuwa naogopa. Hili shamba lilizaa miti miaka nenda miaka rudi, ikachukuliwa yote, na hakuna aliyelipelekea hata kijiko cha njahi. Nikasema wacha nimpikie huyu mzazi."