Dahiba Alivyomvusha Mzazi Kabla ya Arobaini

Kijiji chetu kiko upande wa magharibi wa Nile, mkabala na Aswan, na watu wengi wa pale walipokelewa duniani na mikono ya Dahiba. Mimi nilimtangulia kuzaliwa, ndiyo maana namweleza bila woga.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mjane tangu ujanani. Asubuhi ungemwona akipita na gauni jeusi la wanawake wetu, lile linaloburura mchanga na kufuta nyayo za mwenyewe, kikapu kichwani. Watoto walimwamkia kwa adabu kuliko walivyomwamkia imamu, maana mama zao waliwaambia, "Huyu alikuona kabla yangu."

Kazi yake sikuiona, mwanamume haingii huko. Alinisimulia marehemu mke wangu, ambaye Dahiba alimzalisha watoto wetu wote. Anakaa nyuma ya mwanamke, magoti huku na huku, amemwegemeza kifuani, na mwenye uchungu ameshika kamba iliyofungwa darini. Uchungu ukija, Dahiba hunyamaza. Ukipoa, huanza umbeya: nani kaachwa, nani kaunguza bamia siku ya wageni. Mwanamke akimtukana mumewe, yeye humsaidia kutafuta tusi zuri zaidi. Siku ya mtoto wetu wa pili mke wangu aliniambia, "Jana ulitukanwa ukatukanika." Alinicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Kitu kimoja Dahiba hakuwa na mzaha nacho, nacho ni mlango. Kwetu sisi, mzazi haingiliwi chumbani na mtu aliyevuka mto baada ya mtoto kuzaliwa, mpaka arobaini itimie. Akiingiliwa, hufungwa: maziwa hukauka, na kizazi nacho huenda kikafunga. Sasa nusu ya kijiji huvuka kila siku kwenda kazini. Kwa hiyo baba humwona mtoto akitolewa uani, na mke humsalimu kwa dirishani. Mama mzazi wa mwanamke huja mapema, kabla ya uchungu, akahamia kwa bintiye hadi arobaini. Dahiba hukaa barazani, anakagua wanaoingia. Wakati ana mzazi mkononi, yeye mwenyewe havuki hata chumvi ikimwishia.

Mwaka walipokuwa wakichimba mitaro ya maji ya bomba, jirani yangu Hajja Fanna alipata mjukuu. Mwanawe Mukhtar, mpishi wa hoteli kule mjini, alikuwa ameoa msichana wa ng'ambo ya mashariki, jina lake Shaya. Ukuta wa nyumba yao na yangu ni mmoja. Nilikuwa nikimsikia Shaya akiimba jikoni na akibishana na mama mkwe juu ya chumvi, na ubishi wenyewe ulikuwa wa kuchekana. Alijifungua mapema kuliko walivyotazamia. Mama yake, Nabra, alikuwa bado hajafunga hata furushi lake la nguo. Alifika kwa pantoni kesho yake, mtoto keshalia, keshanyonya. Akakaa nje chini ya dirisha, wakazungumza kidogo, akapitisha mtungi wa asali ya tende kwenye nondo, akarudi kwake.

Uzazi wenyewe ulikuwa mrefu lakini ulikwisha salama, mtoto wa kiume, mzima. Siku ya saba wakachinja, wakapiga kinu ili mtoto azoee kelele, wakampa mtoto jina la Sirri. Wanawake walisema mzazi alikuwa amekaa kama mgeni kwenye sherehe ya mtu mwingine.

Baada ya hapo sikumsikia tena jikoni, na hiyo ni haki, mzazi hapiki. Lakini hata chumbani hakusikika. Uji wa uwatu ulirudi kama ulivyokwenda. Mtoto alilia, akanyamazishwa na bibi yake. Maziwa yakapungua. Hajja Fanna akawaambia wenzake kwamba kafungwa, mtu aliyevuka kaingia kwa siri. Walimshuku Ihsan, muuguzi wa zahanati yetu, kwa kuwa ameolewa mjini na huja kwa pantoni kila asubuhi. Ihsan akaapa hajawahi kukanyaga kizingiti. Dahiba alimwamini, lakini hata yeye aliona ni kufungwa. Akafanya dawa anazozijua: maji yaliyooshewa dhahabu, kumrukisha mzazi juu ya kizingiti, ubani. Haikusaidia kitu, akakaza ulinzi. Akawazuia hata mashoga wa Shaya walio hapa hapa kijijini, asije mmoja akawa alivuka na asiseme. Dirisha nalo likafungwa.

Nabra alikuja tena, akakuta dirisha limefungwa. Nilimpa maji kwangu. Alikunywa, akauliza kama bintiye analia. Nikamwambia sisikii kilio. "Afadhali angelia," akasema, akaenda zake.

Ihsan ndiye aliyemfuata Dahiba barazani. Nilikuwa nikisuka kamba pale upande wangu, na hawakujali kuwapo kwangu, mzee ni kama jiwe la uani. Alimwamkia vizuri, akamwambia kwamba kuna ugonjwa wa moyo mzito unaowashika baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, maskini kwa matajiri, na kwamba una daktari wake hospitalini, na una dawa. Tena akamwambia mgonjwa wa namna hiyo akiachwa peke yake huzidi. Dahiba akamjibu kwamba yeye alikuwa akizalisha kabla Ihsan hajaota meno.

"Najua, bibi yangu," akasema Ihsan. "Nami mikononi mwako nilitoka. Sikuombi uniingize. Nenda wewe, umuulize kama anataka kuishi."

Dahiba alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mamaye. Muuguzi akaondoka. Dahiba akainuka, akaingia ndani. Yaliyosemwa huko alinieleza mwenyewe baadaye, na hakuwa mtu wa kupaka rangi.

Alimkuta Shaya amelala ameelekea ukutani. Akakaa nyuma yake kama siku ya uchungu, akamwegemeza kifuani, akaanza umbeya wake wa kawaida. Shaya hakucheka. Ndipo Dahiba akauliza, polepole, kama anavyouliza uchungu umeshika wapi.

"Nikilala naomba nisiamke," Shaya akasema. "Mtoto mpeni Hajja. Yeye anajua kumshika. Mimi namwangalia, naona ni mtoto wa watu."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mama alipoondoka dirishani."

Dahiba aliniambia kwamba katika miaka yake yote aliona damu, aliona mtoto aliyekuja miguu mbele, na hajapata kuogopa kama alivyoogopa hapo. Maana mlango aliulinda vizuri. Wote ambao Shaya aliwahitaji walikuwa nje yake, na aliyewafungia nje ni yeye.

Akatoka, akamwambia Hajja Fanna kwamba kesho anamvusha Shaya kwa mama yake, na kwa daktari.

Hapo tena sikuhitaji kutega sikio. Hajja Fanna si mtu mbaya, ila alikuwa na mjukuu mmoja tu na hofu ya kumi. Alisema mzazi havuki mto, haijapata kutokea, hata kwa mtu mwendawazimu. Akasema watu watacheka, wanawake hawatamwita tena Dahiba. Mwisho akatoa lile zito.

"Na maziwa yakikauka?"

"Yamekwisha kukauka, Hajja. Tunalinda kisima kikavu."

"Na kizazi kikifunga?"

"Kizazi hakina kazi kama mwenyewe hayupo," Dahiba akasema. "Tena sikiliza. Sisi tunamwogopa aliyevuka kwa sababu yeye kavuka na mzazi hajavuka. Basi na avuke. Wakutane ng'ambo, wote miguu yao imelowa mto ule ule. Nani atamfunga nani?"

Hajja Fanna hakukubali. Alikaa chini akavua kitambaa chake cha kichwa, akakivaa tena. Mukhtar alipofika jioni akaambiwa, akasema pale uani, "Mama, mimi namtaka mke wangu." Kijana wa watu, hata uso wa mkewe alikuwa hajauona sawasawa tangu azae.

Asubuhi walivuka. Dahiba alimtia Shaya katikati, yeye upande mmoja, mumewe upande wa pili, na Hajja kabaki ufukweni akimwombea dua mtoto aliyekuwa mikononi mwa Dahiba. Watu kwenye pantoni walisogea kama wamemwona maiti. Upande wa pili Nabra, aliyepelekewa habari usiku, alikuwa amekwisha ingia majini hadi kwenye mashavu ya miguu. Shaya alipoteremka alimwangukia, ndipo akalia, akalia hadi muuza karanga akamletea kiti.

Daktari alimpa dawa, akasema akae kwa mama yake, asiachwe peke yake. Haikuwa muujiza. Zilipita wiki ambazo bado alikuwa akigeukia ukuta, na maziwa hayakurudi yote, mtoto akaongezewa ya kopo. Kijijini wako waliomsema Dahiba, na wawili watatu waliokuwa na mimba wakatafuta mkunga wa kijiji cha jirani. Yeye alivuka kila alipoweza, akakaa nyuma ya Shaya, akapiga umbeya.

Siku moja alirudi na pantoni ya mchana, nami nilikuwa ufukweni nikingoja kuni. Hajja Fanna naye alikuwapo, alikuwa akija kila siku na kujifanya amefuata samaki. Hakumsalimu Dahiba. Aliuliza tu, "Anakula?"

"Anakula. Leo amemnyang'anya mama yake mtoto, eti anamshika kama tikiti maji. Kisha wakagombana juu ya mchuzi, chumvi imezidi."

Hajja Fanna akageuza uso kwenye mto. Kisha akainua gauni lake, akapanda pantoni iliyokuwa ikirudi mashariki, mikono mitupu, hata bila kuaga nyumbani.