Mabehewa Yaliyopita Chini ya Ua

Jana, badala ya kutuma maombi ya kazi, nilikaa chumbani mwangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, nikitazama kwenye simu video ya mzee wa nchi za mbali anayecheza na treni ndogo. Ndiyo, mzee mzima. Alikuwa akipanga vijiti kama magogo juu ya behewa lisilo na kuta, akivifunga kwa uzi, akivipaka vumbi ili vifanane na magogo ya kweli. Nikaanza kujiuliza magogo hayo yanapelekwa wapi, na kama kuna mtu upande wa pili anayeyasubiri. Unanijua, sikosi la kujiuliza. Kisha nikakumbuka harufu ya matunda ya kaiyaba yaliyoiva na kuanguka, yakioza chini ya ua wetu wa miiba, na video sikuimaliza.

Kwa nyanya, kijijini juu ya mji wa Nkubu, hakuna reli. Treni tuliijua kwa chaki tu, siku mwalimu alipoichora ubaoni. Mimi na rafiki yangu, mjukuu wa jirani, tuliunda yetu kwa vipande vya mbao na magurudumu tuliyokata kwenye patipati kuukuu. Kuta zilitushinda, kwa hiyo mabehewa yetu yakabaki bapa, na mzigo ukaonekana wote. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia, maana mzigo unaoonekana lazima uwe wa kweli.

Nilihangaika sana. Ndizi zetu zilikuwa vile vidole vidogo vya ncha ya mkungu visivyonenepa kamwe. Ukivikata pamoja unapata mkungu mzima unaotosha kiganjani. Magunia tulishona kwa soksi, tukayajaza majani ya chai. Rafiki yangu alitaka tuvute tu. Mimi nilipakua na kupakia upya mpaka akalala kwenye nyasi akinisubiri.

Lakini alinisubiri upande wake wa ua. Nyanya yake na nyanya yangu hawakuwa wakisemezana, tangu jirani alipoangusha mti wa mukima uliosimama mpakani. Matawi yaliyoangukia kwetu nyanya alikataa kuyachoma. Aliyaacha pale pale kama ushahidi, hata siku alizokosa kuni. Sisi watoto tulikatazwa kuvuka. Treni haikukatazwa na mtu. Ilipita kwenye tundu walilopitia kuku chini ya ua, ikivutwa kwa kamba huku na huku, na aliyekuwa tayari kupokea aligonga mkebe.

Siku moja nyanya alikoroga githeri, akaonja, akasema kwa sauti kubwa bila kumtazama mtu, "Huko ng'ambo hawakosi chumvi." Mkebe ukagongwa. Nikavuta kamba, na behewa likaja na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Nyanya akaimimina yote. "Treni imeleta," akasema, basi. Kesho yake akanipa maparachichi mawili. Toka hapo mizigo ikawa ya kweli kuliko nilivyotaka: mayai kwenye majani makavu ya mgomba, kaa la moto kwenye kopo, dawa ya kifua. Nyanya alikagua kila kamba kabla haijaondoka. "Funga vizuri. Asije akasema tumemtupia."

Nilichotamani mimi ni kitu kimoja tu, kwamba wazungumze, ili rafiki yangu aruhusiwe kuja kuketi jikoni kwetu. Usiku nilipanga maneno ambayo kila mmoja angemwambia mwenzake. Sikuwahi kupata mtu wa kuanza.

Basi asubuhi moja nyanya akanipa nduma tatu zilizochemshwa. Nikaziweka kwenye behewa, nikarudi nyuma nikatazama. Zilikuwa kubwa kupita behewa lenyewe. Treni gani hubeba kitu cha namna hiyo? Nikazirudisha kikapuni kwanza. Nikakata vijiti kwenye yale matawi ya mukima, vilivyonyooka, na maganda yake. Nikavipanga kama magogo, nikavifunga pande mbili. Hakuna mzigo wangu uliowahi kupendeza hivyo. Nikagonga mkebe.

Aliyevuta kamba siku hiyo hakuwa rafiki yangu.

"Mama Dereva! Toka nje!" Ilikuwa sauti ya jirani, juu ya ua. Baba yangu aliendesha lori, na hilo ndilo jina la nyanya pale kijijini. "Nilikata mti mmoja, sasa unanirudishia kwa vijiti?"

Nyanya akatoka na mwiko mkononi. "Vijiti gani, Mama Mwalimu? Mimi nimekutumia nduma!"

"Nduma ziko wapi?"

Wote wawili wakanitazama. Nikaeleza, kwa kigugumizi, kwamba nduma hazikulingana na treni.

Jirani akamgeukia nyanya. "Huyu mtoto wako anafikiri sana."

"Anafikiri mpaka chakula kinapoa," nyanya akasema, na jirani akashindwa kuzuia kicheko.

Usidhani waliombana msamaha. Waligombana kwanza, kwa Kimeru cha haraka, juu ya mti, juu ya kivuli, juu ya kuku waliolala kwenye kahawa ya nani. Waligombana mpaka miguu ikawauma, na jirani akazunguka kwa njia ya barabarani ili wamalizie wakiwa wameketi. Rafiki yangu alikuja akimfuata nyuma.

Mvua ilikuwa imenyesha na kuni zote zilikuwa mbichi. Nyanya akatazama huku na huku, akanyanyua mabehewa yetu, akayatia motoni moja baada ya jingine, patipati zikatoa moshi mweusi, akachemsha chai ya mgeni wake. Nami nikainywa, nimebanana na rafiki yangu kwenye kigoda kimoja.

Hatukuunda mengine. Ya nini, na mlango ulikuwa wazi? Sasa nyanya zetu wote wametangulia, ua umeng'olewa, shamba limegawanywa na kujengwa ukuta wa mawe. Rafiki yangu yuko ng'ambo ya kweli, na tunatumiana picha za kuchekesha ambazo hazihitaji kufungwa kwa kamba. Mabehewa yale nayatamani, siwezi kukuficha. Lakini kama ningerudishiwa leo, ningeyatia motoni yote kwa mikono yangu, ili sisi wanne tuketi tena mpaka chai iishe.