Maneno ya Nadine Mbele ya Kamati

Nadine Skaggs alikuwa na saluni katika mji wa Cutler's Fork, kule milimani Marekani, mkabala na posta. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, na wanawake wa mji ule walimwendea kwa vyote viwili. Mtu aliingia na nywele zilizochoka, akatoka amependeza na habari zote za wilaya anazo.

Mumewe, Gene, aliendesha lori la kokoto. Goti lake lilipoharibika walijikuta njia panda: bima waliyokuwa wakiikata wenyewe ilikuwa imepanda bei hadi ikawa haishikiki, na walipoomba Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, wakaambiwa wamezidi kidogo tu kiwango kilichowekwa. Hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyomkaa Nadine rohoni. Miaka michache nyuma, mageuzi ya afya yaliyotoka serikali kuu ya Washington yalikuwa yameliruhusu jimbo liwape kadi ya Medicaid hata watu wazima wasio na watoto wa kulea, na tangu hapo kila alipomwona mtu wa namna hiyo anatoka duka la dawa na mfuko mkononi, aliona kana kwamba Gene ndiye aliyenyimwa.

Mmoja wao alikuwa jirani yake, Doyle Ferrin, kapera wa makamo aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mpaka gogo lilipompiga kichwani. Siku moja Nadine alikuwa akimsokota nywele Patsy Whitlow, dada yake mbunge katika bunge la jimbo, Doyle akapita nje na fimbo yake ya kuvulia samaki begani.

"Mtazame bwana mkubwa," Nadine akasema, kichana kinywani. "Jumanne hii, saa nne asubuhi, anaenda mtoni. Gene wangu anapanda lorini goti limevimba kama boga, na hana bima. Yule anavua samaki, kadi anayo mfukoni."

Patsy akacheka hadi kiti kikatikisika. "Nadine, we! Hayo ungemwambia kaka yangu Royce."

"Mlete. Nitamwambia nikimnyoa nyusi."

Ulikuwa mzaha. Lakini wiki haijaisha, Mheshimiwa Royce Whitlow akaingia saluni kwa miguu yake, kofia mkononi. Alikuwa mtu mpole wa maneno, shemasi wa kanisa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza shida zake kama mtu anayeeleza ugonjwa.

"Dada Nadine, bajeti ya mwaka huu ina tundu unaloweza kupitishia lori la Gene. Hii Medicaid, Washington wanalipa sehemu kubwa, sikatai. Lakini fungu letu la jimbo linakua kila mwaka, na sheria haituruhusu kumaliza mwaka na deni. Nikate wapi? Shule? Barabara?"

"Sasa mimi mtengeneza nywele nifanyeje?"

"Nina muswada. Mtu mwenye nguvu zake afanye kazi, na kila mwezi aripoti kwenye kompyuta kwamba amefanya. Asiyeripoti, kadi inakwenda. Wenzangu kwenye kamati wamechoka kusikiliza wachumi. Wanataka kusikia mtu."

Nadine alijisikia amepanda cheo. Akanunua gauni la bluu, Gene akampeleka mji mkuu wa jimbo, na akasimama mbele ya kamati kwa woga. Alipoanza kusema, woga ukamtoka. Akaeleza habari za goti la Gene. Akaeleza juu ya jirani mmoja, bila kumtaja jina, anayekwenda mtoni wenzake wakienda kazini. Akaiga mwendo wake na fimbo begani, na ukumbi mzima ukacheka.

Lakini ilikuwapo sehemu nyingine ya habari, na Nadine aliijua. Miaka miwili nyuma, kwenye chakula cha kanisa, Doyle alianguka katikati ya meza, mwili wote ukimtetemeka, povu mdomoni. Nadine mwenyewe ndiye aliyempakata kichwa kisigonge saruji. Kilikuwa kifafa, tangu lile gogo. Ndiyo maana kiwanda kilikuwa hakimtaki karibu na misumeno, na ndiyo maana leseni ya gari alinyang'anywa. Lakini kwa kuwa dawa zilimshika, na siku nyingi alikuwa mzima kama wewe, serikali ilikuwa haijamwandika mlemavu. Maneno hayo yalimfika Nadine kwenye ncha ya ulimi. Akawatazama wabunge, nyuso zao bado zina kicheko, akamwona Royce anaitikia kwa kichwa kwa furaha. Akayameza. Akashukuru, akaketi, wakampigia makofi.

Jioni ile televisheni ikamwonyesha. Jumapili watu walimpa mkono kanisani. Muswada ukapita.

Majira ya joto yalipoingia, utaratibu wa kuripoti ukaanza. Alasiri moja Doyle akasimama mlangoni mwa saluni, hakuingia, kwa sababu ya viatu vyake vya matope.

"Bi Nadine, samahani. Nimesikia una kompyuta humo. Nina karatasi hapa inasema niandike saa zangu za kazi, au nieleze kwa nini sifanyi. Maktaba nimeikuta imefungwa. Na mimi na mashine hizo hatujuani."

Nadine alikuwa na mteja mmoja tu, tena yumo chini ya kikaushio, anasinzia. Kompyuta ilikuwa mezani. Lakini hakuweza kumtazama yule mtu machoni, achilia mbali kukaa naye bega kwa bega na kusoma naye ile karatasi.

"Leo imenigomea, Doyle," akasema, akijishughulisha na taulo. "Pitia siku nyingine."

"Haya. Asante, Bi Nadine."

Hakupita tena. Nadine alijiambia kuwa lazima amepata msaada kwingine. Alijiambia hivyo mara nyingi, hasa alipomwona kwa mbali, na kila alipomwona kwa mbali alivuka barabara.

Ikaja baridi. Asubuhi moja, Nadine anafagia theluji barazani, akamsikia mbwa wa Doyle analia ndani ya nyumba, akikwaruza mlango. Akaita, hakujibiwa. Akasukuma mlango. Doyle alikuwa ameanguka juu ya jiko la kuni, akabingirika chini, na mkono wake wa kulia ulikuwa katika hali ambayo Nadine hakuwahi kuisimulia kwa mtu, na saluni yake ilikuwa mahali pa kusimulia kila kitu.

Katika hospitali ndogo ya wilaya walimfunga bandeji, wakaita helikopta impeleke mjini kwenye wodi ya walioungua. Muuguzi mmoja, mwanamke ambaye Nadine alikuwa akimkata nywele tangu akiwa msichana, alitoka kumpa habari.

"Amekuwa akigawa vidonge vya kifafa. Leo anameza, kesho anaacha. Kadi yake ilifutwa tangu vuli, duka la dawa likamtajia bei, akageuka akaenda zake."

"Na helikopta nani atalipa?"

Muuguzi akacheka bila furaha. "Yeye hana. Basi ni sisi, na sisi wenyewe tunafunga wodi ya uzazi mwezi ujao. Jimbo linasema limepunguza matumizi. Limepunguza wapi, Nadine? Mzigo wameutua kwao, wakatutwisha sisi."

Nadine alirudi nyumbani akamweleza Gene yote, mpaka ile ya kompyuta. Gene alikuwa mtu wa maneno machache. Akamwambia, "Sheria hukuiandika wewe."

"Hapana. Mimi niliwachekesha tu ili waiandike."

Siku kadhaa hakufungua saluni. Hakulala vizuri, na chakula kilimshinda, hata maharagwe na mkate wa mahindi aliopikiwa na Gene, jambo ambalo Gene halifanyi ila kwa msiba. Mwishowe akaendesha gari hadi mjini.

Doyle alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka begani, amekonda. Nadine akabaki amesimama na mkoba mbele ya tumbo kama ngao.

"Doyle, nina jambo la kukuambia. Kule kwenye kamati..."

"Nilikuona," Doyle akasema. "Nilikuwa kwa kinyozi, televisheni imewashwa. Wote wakanigeukia. Gauni lilikupendeza."

Nadine akatafuta kiti kwa mkono, hakukiona, akabaki amesimama vilevile. "Ulijua? Na bado ukaja kwangu na ile karatasi?"

"Nilikuwa na nani mwingine wa karibu?" Akatazama dari. "Nilisubiri ufike kwenye ile ya kanisani. Nilijiambia, huyu alinishika kichwa, sasa hivi ataisema. Ukakaa chini."

"Ningeisema, wasingecheka," Nadine akasema, machozi yanamtoka. "Nilitaka wacheke. Nisamehe."

Doyle akauweka sawa mkono uliofungwa. "Sitakwambia si kitu, Bi Nadine. Ni kitu. Labda siku moja. Sasa hivi mkono unaniuma."

Kesho yake Nadine alimpigia simu Royce. Yule mbunge alisikitika kwa dhati, akaahidi kumwombea Doyle, kisha akasema kwamba hata hivyo bajeti ya mwaka ule ilikuwa imesawazika. Nadine akamwomba nafasi ya kusema tena mbele ya kamati. "Dada Nadine," Royce akasema polepole, "waliokusikia wameshakusikia."

Akaenda hivyohivyo, na gauni lilelile kwa kuwa hakuwa na jingine, akajiandikisha na wananchi wengine waliokuja kuupinga utaratibu. Alipewa dakika chache mwishoni mwa siku. Akasema jina la Doyle, kwa ruhusa ya mwenyewe. Akaeleza kifafa, akaeleza meza ya kanisani, akasema waziwazi kwamba mara ya kwanza aliijua habari hiyo na akaificha. Aliyeongoza kikao alimshukuru. Mbunge mmoja alikuwa anasoma simu yake. Royce alikuwa ametoka nje. Hakukuwa na kamera.

Sheria haikufutwa. Ila mwishoni mwa kikao cha bunge waliongeza kifungu, kwamba mwenye maradhi ya namna fulani aweza kusamehewa kuripoti kwa barua ya daktari. Kama ni maneno ya Nadine yaliyofanya hivyo, au ni hospitali zilizolalamika kwamba zinafilisika, hakuna aliyejua, na Nadine hakujidai. Kwa kifungu hicho Doyle alirudishiwa kadi. Mkono haukurudi: vidole viwili vilikatwa, na vilivyobaki havikunjiki.

Saluni ilipungua watu. Patsy Whitlow alihamia kwa mwingine, akasema Nadine amemwaibisha kaka yake mbele za watu. Waliobaki walizoea kwamba mtu akianza kumteta jirani, Nadine huuliza, "Na upande wa pili ukoje?" Wengi waliona amekuwa mtu wa kuchosha.

Kila Doyle alipotakiwa kliniki ya mjini, Nadine ndiye aliyempeleka, na Gene akibaki na mbwa. Doyle alikubali, maana hakukuwa na basi. Njiani aliongea kidogo, mambo ya mvua na ya mbwa. Ile "siku moja" aliyoisema hakuitaja tena, naye Nadine hakuthubutu kuuliza.

Safari moja, binti wa mapokezi, mgeni pale kazini, akamtazama Nadine na kumuuliza Doyle, "Huyu ni dada yako?"

Doyle alikuwa anahangaika kutoa kadi kwa mkono wa kushoto. Nadine akanyoosha mkono amsaidie, kisha akausitisha, akangoja. Doyle akaipata kadi mwenyewe, akaiweka mezani.

"Jirani," akajibu.

Nadine akaenda kukaa kwenye viti vya ukutani pamoja na wengine, akamsubiri.