Bi Mize, Aliyekaa na Nduguye

Bi Mize binti Haji alikuwa mpika mikate pale Mkokotoni, na mikate yake ya kumimina ilikuwa haifiki adhuhuri. Alikuwa ameachika zamani, hana mtoto, akiishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, kando ya njia ya sokoni. Mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, mdogo wake Mcha aliletwa pale amebebwa mzegamzega, kanzu yake imeganda tope. Waliombeba wakamlaza barazani, wakenda zao wakicheka.

Mcha alikuwa mpiga zumari. Toka Mkokotoni mpaka Chaani, harusi bila zumari lake watu waliiona kama chakula kisicho chumvi. Desturi ilikuwa mpiga zumari hulipwa kidogo na hunyweshwa sana. Kibuyu cha tembo la mnazi humngoja chini ya kiti chake kabla hajapuliza sauti ya kwanza. Mwanzo Mcha alikunywa ili apige. Baadaye akawa anapiga ili anywe. Mkewe, Wanu, alivumilia mpaka akachoka, akachukua wanawe akarudi kwao Makunduchi. Ndipo Mcha akabaki hana pa kulazwa ila kwa dada yake.

Asubuhi yake Bi Mize aliingia jikoni kuumua unga, akakuta kibuyu cha chachu hakina kitu. Chachu yake ilikuwa hilo hilo tembo. Mcha alikuwa amejikunyata kando ya mafiga, mikono katikati ya magoti.

"Dada, nlikuwa nnatetemeka," alisema. "Nlitaka kidogo tu mikono itulie."

Bi Mize alikitoa kibuyu nje, akakivunja kwa mchi. Tokea siku ile hakupika tena mkate wa kumimina. Alinunua ukili akaanza kushona mikeka, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya huku anamwangalia mwenzake.

Alimpeleka mjini, kwenye hospitali. Daktari alimpima Mcha, akamwambia atoke nje kidogo, akamgeukia Bi Mize.

"Dawa ya kumwachisha sina, bibi. Ana watu huko kwao?"

"Ana mimi."

"Na wengine?"

"Wengine wameshamchoka."

Daktari akafikiri. "Basi asikae peke yake. Hasa siku atakayokwambia yu mzima."

Bi Mize akaishika kauli ile kama amana. Siku za mwanzo zilikuwa za jasho na matapishi. Mcha alipiga kelele kwamba siafu wanampanda, na hakukuwa na siafu. Bi Mize alimnywesha uji wa mtama kwa ndimu, akamfuta, akamsikiliza akimtukana kisha akimwomba radhi. Mcha alipopata nguvu za kutembea, alitembea naye. Mcha akenda kunyolewa, dada yake amekaa kizingitini. Akenda kuswali, dada yake anamngoja nje ya msikiti, chini ya ukuta, buibui limemfunika uso. Watu wakampa jina: Bi Komeo. Alilisikia, akaendelea kumngoja ndugu yake.

Jioni walikaa uani, yeye akishona, Mcha akimtilia uzi katika sindano kadiri mikono ilivyomruhusu. Maneno yalikuwa machache. Mtu anayemlinda mtu hana mengi ya kumweleza, anamsikiliza anavyohema.

Januari ilipokaribia, alikuja Muhiddin, mwenyekiti wa tawi la chama, na vijana wawili.

"Bi Mize, sherehe ya Mapinduzi haiwezi kufanywa bila zumari. Tunamtaka Mcha."

"Mcha anaumwa."

"Sisi twamwona anatembea."

"Anatembea na mimi."

Muhiddin hakucheka. "Hii si harusi ya mtu, bibi. Hii ni shughuli ya taifa."

Kukataa lilikuwa jambo zito siku zile. Bi Mize alisema atamleta, kwa sharti anyweshwe chai, na yeye akae karibu yake. Wakakubali. Siku ya sherehe alikaa kwenye jamvi katikati ya wanaume, birika la chai mbele yake, mwanamke pekee upande ule. Mcha alipuliza vizuri. Alipuliza hata wazee waliokuwa wamekaa wakainuka. Kulipotulia kidogo, Ame mgema, rafiki yake wa toka utotoni, alimpelekea kikombe.

"Chai hiyo, sahibu, nywa upate pumzi."

Bi Mize alikuwa ameinama kuchochea mkaa wa birika. Alipoinua uso, kikombe kilikuwa kitupu, na macho ya Mcha yalikuwa yamekwisha kumkimbia.

Mcha alimponyoka katika umati, akamkosa mpaka siku ya pili. Alimkuta kwenye kibanda cha Ame, amelala kifudifudi. Safari hii hakupata wa kumbeba. Alimkokota mwenyewe, na wanawake waliokuwa kisimani wakasimama kutazama, ndoo mikononi. Wakaanza upya, yeye na ndugu yake, kwa uji ule ule.

Alipozindukana vizuri, Mcha alifanya jambo ambalo dada yake hakumwomba. Alishuka pwani, akampa zumari lake mpigaji mmoja kutoka Tumbatu aliyekuwa anavuka kurudi kwao.

"Nikiwa nalo watanijia," alimwambia Bi Mize. "Na wakinijia, ntakwenda."

Basi Mkokotoni ikakosa zumari. Mpigaji wa Tumbatu alikuwa wa ghali na wa kubembelezwa. Mwanapili, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipoozesha binti yake, ngoma ilipigwa kavu na ikamalizika mapema. Mwanapili alipita mlangoni kwa Bi Mize akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Mwanangu ameozwa kama anazikwa, kwa sababu ya mtu mmoja." Toka hapo Bi Mize hakualikwa. Akifika kisimani mazungumzo hukatika, yakaanza tena akishawapa kisogo. Na kwa vile tawi nalo lilikuwa limemnunia, hata waliomhurumia waliogopa kuonekana barazani kwake. Alikuwa na ndugu yake ndani ya nyumba, na nje hakuwa na mtu.

Ikapita miaka hivyo. Kisha siku moja, mchana wa jua kali, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Sichana, mke wa Ame mgema.

"Shikamoo, Bi Mize. Najua hutaki kuniona."

"Marahaba. Ingia, jua linakuchoma."

Sichana akalia kabla hajakaa. Ame alikuwa ameanguka kutoka mnazini kwa ulevi, amevunjika mguu, na sasa kitandani anatetemeka na kuwaona watu wasiokuwepo. "Njoo umkalie kama ulivyomkalia Mcha."

"Siwezi kumkalia mume wa mtu," Bi Mize alisema. "Mna watu. Wamkalie wenyewe. Mimi ntawaonesha tu."

Alikwenda na Mcha. Mcha aliingia chumbani kwa Ame, akakaa chini, hakutaja kikombe wala sherehe. Bi Mize alibaki uani na mama yake Ame, kaka zake, shemeji zake, akawaeleza: uji, ndimu, na mtu wa kuwapo daima, zamu kwa zamu, wala mgonjwa asichukiwe akitukana. Wale watu walianza kugombea zamu. Bi Mize akawatazama, nyumba tele, na moyoni akahisi kitu ambacho hakukipa jina. Yeye hakuwahi kupokewa zamu na mtu.

Ame alipopona hakuparamia tena minazi. Kibanda chake kikakosa tembo, na mambo mengi pale kijijini yakaenda kombo. Wengine walikasirika wakawa wanatembea hadi Donge kutafuta kinywaji. Wengine walirudi majumbani mapema, na wake zao, waliokuwa hawakuzoea kuwaona, hawakujua wawafanyeje. Wapika mikate walilalamikia chachu. Mke wa mvuvi mmoja alikuja kwa Bi Mize, kisha mama wa kijana fulani, wote kwa mlango wa uani. Walisikiliza, wakashukuru, wakatoka haraka. Kibanda cha Ame kikaja kufanywa darasa la kisomo cha watu wazima.

Habari hizo ndizo zilizofika Makunduchi. Wanu akaja, amenenepa kidogo, amemshika mkono mtoto wake wa mwisho. Alikaa siku kadhaa akimtazama mumewe. Asubuhi ya kuondoka alimfuata Bi Mize jikoni.

"Wifi, nataka nende naye. Huko hakuna anayemjua kwa zumari."

"Nenda naye. Usimwache peke yake."

"Nimesikia." Wanu akasitasita. "Nawe, wifi, utakaa na nani?"

"Mimi sinywi," Bi Mize alisema, akaendelea kupepeta mchele.

Mcha alimbusu mkono, akashindwa kuuachia, mpaka Wanu akamwita.

Ijumaa ya kwanza Bi Mize alijikuta nje ya msikiti, chini ya ukuta. Watu walitoka, wakavaa viatu, wakatawanyika. Alisimama pale mpaka mlango ukafungwa, ndipo akakumbuka kwamba hamngojei mtu.

Aliishi hivyo, akishona mikeka, akiitwa na wenye shida. Mwaka wa sabini na mbili Mwanapili alifiwa na mumewe. Bi Mize alikwenda matangani bila ya kualikwa, akakaa mwisho wa jamvi karibu na mlango, akasoma alichojua. Wanawake walipoanza kuondoka, naye akainuka.

"Bi Mize," Mwanapili aliita.

"Naam."

"Wanangu wanarudi mjini kesho. Nyumba hii kubwa." Akatengeneza kanga yake kichwani. "Kaa kidogo."

Bi Mize akakaa tena. Aliletewa chai, akaishika kwa mikono miwili. Siku zote watu walimwita kuwaelekeza la kufanya, na hapa alitakiwa akae tu. Wakanywa chai wakiwa wamekaa hivyo, mpaka alasiri ikaadhiniwa.